Uzoefu Wangu wa Kubadilishiwa Nyaya za Hita za Kuogea, Tudor

Fleti ninayokodi Tudor ina mabafu mawili, na kila bafu lina hita ya papo hapo. Aliye mbali huenda akashangaa watu wa Mombasa wana haja gani na maji moto, lakini msimu wa kusi maji ya alfajiri yanayotoka kwenye tangi la juu ya paa si ya kumwogeshea mtu wa miaka sabini, na mama yangu anaishi nami.

Swichi ya hita ilikuwa ikipata moto hata haishikiki, na mara mbili mama alilalamika kwamba akigusa bomba anahisi vidole vikifa ganzi. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu, kwa hiyo niliingiwa na hofu kubwa. Nilimtafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli, nikamwomba anionyeshe leseni hiyo kabla hajagusa chochote, naye akaitoa bila kununa.

Alizima swichi kuu, akafungua kifuniko kilichoko juu ya mlango wa bafu. Konekta ya plastiki ilikuwa imeyeyuka na kugeuka rangi ya kahawia, na shaba ndani yake ilikuwa nyeusi kama mkaa. Waya wa kijani na manjano, ambao ndio unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, ulikuwa umekatwa na kuzungushiwa utepe. "Dada," aliniambia, "hapa mlikuwa mkilindwa na Mungu tu."

Hita yetu ni ya wati 5,500, na kwa umeme wa volti 240 huvuta karibu ampea 23. Ilikuwa imeungwa kwenye laini ya soketi za chumbani, yenye waya wa milimita za mraba 2.5, na kwa kuwa breka ya ampea 20 ilikuwa ikijizima kila mara, fundi aliyetangulia aliitoa akaweka ya 32. Hatari yenyewe ilikuwa hapo: kazi ya breka ni kuulinda waya, na breka ikizidi uwezo wa waya, waya utaungua ndani ya ukuta na breka isishtuke. Nawaomba wapangaji wenzangu walielewe hili, kwa maana wengi wetu hufurahi tukiona breka imeacha kusumbua.

Kila hita ilivutiwa laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka kwa waya wa 6, ikawekewa breka ya 32, waya wa ardhi uliokamilika, na swichi iliyo nje ya bafu inayokata nyaya zote mbili. Kisha akafunga kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja kufikia miliampea 30, akanifundisha kubonyeza kitufe chake cha majaribio mwenyewe. Hakutuficha kwamba hita mbili zikiwaka pamoja huvuta karibu ampea 46, ilhali swichi kuu yetu ni ya 60, kwa hiyo tusiziwashe zote huku jiko la umeme nalo likifanya kazi.

Kazi ilichukua siku moja na nusu na kugharimu shilingi 27,000 pamoja na vifaa, ambazo nusu yake mwenye nyumba alikubali kwa maandishi kuikata kwenye kodi. Malalamiko yangu ni kwamba fundi alichelewa kwa muda wa saa tatu siku ya kwanza, na mifereji aliyoichimba ukutani aliiziba kwa saruji akaiacha bila rangi. Tokeni hazikupungua kutumika, wala asidanganywe mtu kwamba zitapungua: kuoga dakika 10 bado hula karibu uniti moja.

Swichi sasa haipati moto, na mama anaoga bila kuniita nisimame mlangoni. Fleti ya chini yetu ilifungwa nyaya na fundi yule yule wa zamani, na ina watoto watatu. Nimemwomba mwenye nyumba aikague kabla mwezi huu haujaisha.