Kicheza Muziki cha Bei Nafuu kwa Kompyuta ya Zamani: Uzoefu Wangu

Kama kompyuta yako ni ya zamani, usianze kwa kuuliza kicheza muziki kina sauti nzuri kiasi gani. Uliza kwanza kompyuta itakiona kama nini. Ukubwa wa kumbukumbu, kioo cha rangi, redio na bluetooth vinakuja baadaye, maana kifaa kisichotambuliwa na kompyuta hakitaingia hata wimbo mmoja.

Yangu ni ya mezani na inatumia Windows XP. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo nimeitenga na intaneti kabisa. Kazi yake ni kuandika na kutunza muziki ambao nimekuwa nikiunakili kutoka kwenye CD zangu kwa miaka mingi. Nilitaka kuusikiliza nikiwa natembea. Simu ingekuwa jibu la haraka, ila simu za Android ziliacha zamani kujitambulisha kwa kompyuta kama flashi, zikahamia kwenye utaratibu unaoitwa MTP, na XP yangu na MTP hazipikiki chungu kimoja. Na hata zingeelewana, sipendi wimbo ukatizwe na mtu anayepiga kuuliza niko wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Vicheza muziki vingi hujitambulisha kwa kompyuta kwa moja ya njia mbili. Ya kwanza ni ya flashi: ukichomeka, kompyuta inaona diski mpya yenye herufi yake, unafungua folda, unaburuta nyimbo, basi. Windows 2000, Me, XP na zilizofuata zinaikubali njia hii bila draiva (programu ndogo ya kuitambulisha kompyuta kwa kifaa) ya ziada, na Mac na Linux vilevile. Windows 98 ndiyo inayohitaji draiva. Kifupi cha njia hii ya flashi ni MSC, na wengine huandika UMS. Ya pili ni hiyo MTP, ambapo kompyuta haioni diski bali inazungumza na kifaa kupitia programu. XP inahitaji angalau Windows Media Player 10 ili mambo yaende, na Mac haina uwezo huo ndani yake mpaka uweke programu ya pembeni. Kwenye kompyuta mpya hutaona tofauti kubwa. Kwenye ya zamani, tofauti ni kati ya kusikiliza muziki jioni ile ile na kukesha ukitafuta programu.

Tatizo ni kwamba maboksi hayasemi waziwazi. Neno la kutafuta ni MSC, au maelezo kwamba nyimbo zinawekwa kwa kuburuta bila programu yoyote. Kama boksi linataja Windows 10 na 11 peke yake, usikate tamaa papo hapo; mara nyingi mtengenezaji ameandika tu mifumo aliyoijaribu, na kifaa chenyewe ni flashi yenye tundu la hedifoni. Lakini kama linakutaka kwanza upakue programu yao, rudisha rafuni.

Kabla ya kununua nilivipima vya mitumba pia. iPod ilitoka mwaka 2001 na Apple ikaacha kuitengeneza mwaka 2022, kwa hiyo zipo nyingi mikononi mwa watu na vitufe vyake ni vitamu kushika. Ila iPod inataka iTunes, na toleo la mwisho la iTunes linaloingia kwenye XP ni 12.1.3. Inawezekana, lakini mimi sikutaka programu nzito kwenye mashine yenye RAM kidogo kwa ajili ya kuhamisha faili tu. Vicheza muziki vya mwanzo vya Sony vilivyotumia kumbukumbu ya flashi navyo vilitegemea programu za Sony zenyewe, kama SonicStage. Vya baadaye vikaruhusu kuburuta. Kilichonivutia zaidi ni SanDisk Sansa Clip+ cha mwaka 2009: kidogo kama kiberiti, kina tundu la microSD (kadi ndogo ya kumbukumbu), na kwenye mipangilio yake unachagua mwenyewe MSC au MTP. Zaidi ya hapo kinakubali Rockbox, programu huria ambayo watu wanaweka badala ya ile ya kiwandani. Ningekichukua bila kusita kama ningepata chenye betri nzima. Betri ya umri huo ni bahati nasibu.

Mwishowe nilinunua kipya, cha bei ya chini kabisa kati ya vilivyokuwa na kioo. Jina silitaji kwa sababu umbo hilo hilo linauzwa kwa majina chungu nzima na ndani ni mambo yale yale. Kina kumbukumbu ya 8 GB, vitufe vya kubonyeza kweli, tundu la kadi ya microSD na tundu la hedifoni la milimita 3.5. Kilipochomekwa XP ilikitambua bila maswali, na kadi ndani yake ikajitokeza kama diski ya pili. Hili la diski ya pili ni faida ambayo watu hawaisemi. Visomaji vya kadi vilivyotengenezwa kabla ya SDHC, kiwango cha kadi kubwa cha mwaka 2006, havisomi kadi iliyozidi 2 GB, lakini kadi hiyo hiyo ikiwa ndani ya kicheza muziki, kompyuta inaisoma kupitia waya wa USB bila shida.

Usikimbilie kadi kubwa, hata hivyo. Kadi za microSD za zaidi ya 32 GB huja zimefomatiwa kwa exFAT, mfumo mmojawapo wa kupanga faili kwenye diski, na XP haiijui exFAT mpaka uiwekee sasisho maalumu la Microsoft. Vicheza muziki vya bei nafuu navyo vingi haviijui. Kadi ya 4 GB hadi 32 GB huja na FAT32, mfumo wa zamani zaidi, na huo unaeleweka kila mahali. Kwa hesabu ya muziki hilo si dogo: MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti 1 kwa dakika, na ya kilobiti 192 hula megabaiti 1 na nusu hivi. Zile 8 GB za ndani peke yake zinabeba takriban saa 90 za muziki wa kilobiti 192. Kifaa changu kinacheza FLAC pia, aina ya faili inayobana muziki bila kupunguza ubora, ambayo mara nyingi ni karibu nusu ya ukubwa wa CD yenyewe, lakini kwa hedifoni ninazotumia barabarani sisikii tofauti ya kunifanya nijaze kadi.

Sasa matundu ya USB. Kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina USB 1.1, nyingine 2.0, na nyingine zote mbili kwenye boksi moja. USB 1.1 ina mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde. Kiuhalisia ni karibu megabaiti 1 kwa sekunde, wakati mwingine pungufu. Kujaza 8 GB kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 2. USB 2.0 ni megabiti 480, na hapo kinachochelewesha si tundu tena bali kumbukumbu ya kifaa chenyewe, ambayo kwa vifaa vya bei ya chini haina haraka. Ukitaka kujua una ipi, fungua Device Manager na utazame orodha ya USB: ukiona kidhibiti chenye neno Enhanced, una 2.0. XP yenyewe pia hukutolea kiputo cha maneno kwenye kona ya chini ikiwa umechomeka kifaa cha mwendo kasi kwenye tundu la polepole. Binafsi sioni sababu ya mwenye USB 1.1 kuhuzunika. Albamu moja ni kama megabaiti 60, ni suala la dakika moja. Jaza kifaa mara ya kwanza ukiwa umelala, baada ya hapo ongeza albamu mojamoja.

Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Kigawanyaji cha USB kisicho na umeme wake hutoa miliampea 100 kwa kila tundu, wakati tundu la kompyuta linatoa hadi 500, na kifaa kinachochaji kwa shida huanza kujitenga katikati ya kunakili. Waya nao uangalie: kuna waya za kuchajia tu, zisizo na nyuzi za data ndani, na ukizitumia betri itajaa vizuri huku kompyuta haioni chochote. Vifaa vya sasa vinakuja na tundu la USB-C, hilo halina neno, mradi upande wa pili wa waya uwe ule mpana wa kawaida.

Kitu cha kwanza nilichofanya kabla ya kuweka wimbo ni kukipima ukubwa kwa H2testw, programu ndogo ya bure inayokubali XP. Inajaza kifaa faili za majaribio kisha inazisoma tena. Vipo vicheza muziki na kadi vinavyodanganya: kompyuta inaonyeshwa 64 GB, ndani kuna sehemu ndogo tu ya hizo, na nyimbo za mwisho zinafuta za mwanzo bila taarifa. Changu kilikuwa na ukubwa wake halali. Bei ikiwa ya kushangaza na namba ikiwa kubwa, pima siku hiyo hiyo ungali na risiti.

Matumizi ya kila siku yana raha na kero zake. Sauti ni safi kuliko nilivyotarajia kwa bei ile, ingawa kwenye nyimbo za kimya kuna mvumo mdogo nyuma. Hedifoni zilizokuja ndani ya boksi ni za kutupa. Betri inanitosha siku nzima na ya pili, si saa zilizoandikwa kwenye boksi. Vitufe navipenda mno: natafuta wimbo mkono ukiwa mfukoni, jambo ambalo kioo cha kugusa hakiruhusu.

Mpangilio wa nyimbo ndio uliotaka subira. Kifaa hakifuati alfabeti. Kinacheza kwa mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye diski. Kwa hiyo majina ya faili yanaanza na 01, 02, 03, nazipanga kwa jina, nazichagua zote, kisha naburuta nikiwa nimeishika ile ya kwanza. Ukiishika ya katikati, Windows inaanza kunakili na hiyo, na albamu inaanzia wimbo wa sita. Majina ya wasanii yenye alama juu ya herufi yaligeuka takataka mpaka nilipohifadhi upya taarifa za nyimbo kwa toleo la ID3v2.3 badala ya 2.4. Wenye Mac watakutana na jingine: kompyuta inaacha faili zinazoanza na nukta na mstari wa chini, na kifaa kinaziorodhesha kama nyimbo zisizocheza. Zifute tu.

Ukinakili CD upya kwa Windows Media Player ya zamani, ingia kwanza kwenye mipangilio uone kama kisanduku cha kulinda nakala kina alama. Kiondolee. WMA (faili za muziki za Microsoft) zilizofungwa kwa ulinzi huo hazichezi kwenye vifaa vya aina hii, na hutajua sababu. Na kabla ya kuchomoa waya, bofya ile alama ya kuondoa kifaa kwa usalama. FAT32 haisamehe kung'olewa katikati ya kuandika.

Kilichobaki kunikera ni ukimya wa nusu sekunde kati ya wimbo na wimbo. Kwa albamu ya kawaida hausumbui, kwa rekodi ya jukwaani unakata makofi katikati. Hizo nimeziunganisha kuwa faili moja kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, ya matoleo ya 2.0, ambayo inafanya kazi vizuri kwenye XP. Kuruka wimbo ndani ya faili hiyo hakuwezekani. Unashikilia kitufe cha kupeleka mbele, na jinsi unavyokishikilia ndivyo mwendo unavyoongezeka.