TAHADHARI: "Kimea" cha mtama kinachouzwa WhatsApp hapa Dodoma ni mbegu yenye dawa

Wakuu wa Dodoma, hasa mnaoanza kujipikia pombe nyumbani, naomba msome hapa kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna muuzaji anatangaza WhatsApp "seti ya kuanzia bia ya nyumbani". Hana duka, mzigo unaletwa na bodaboda. Nilimlipa shilingi 95,000 kwa kilo 10 za kimea cha mtama, hamira, hopsi (yale maua ya kutia uchungu), ndoo ya lita 20 na mrija. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lake. Akasema laini ni ya mke wake, nami nikakubali. Nilikosea hapo.

Mzigo ulifika Ipagala jioni ileile. Ndoo inanuka rangi ya nyumba, hamira ni ya maandazi iliyofungwa upya kwenye nailoni, hopsi ni majani makavu yasiyo na harufu yoyote. Hayo ni hasara ya hela, ningenyamaza. Siwezi kunyamazia kimea.

Nimekulia Mvumi, na mama alikuwa anapika pombe ya uwele na mtama kila baada ya mavuno. Kimea nakijua kwa macho. Punje iliyooteshwa huwa imechanika pale kiini kilipo, ina mabaki ya vimizizi, ni nyepesi, na ukiibana kwa kucha inapondeka unga. Hizi zilikuwa nzima, ngumu kama changarawe, na kwenye kitako cha punje kumebaki rangi ya waridi. Nikatia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika chache maji yakawa pinki. Mtama mwekundu nao hutoa rangi, lakini ni ya kahawia, kama chai ya rangi. Pinki ile haitoki shambani.

Nikampelekea bwana shamba ninayemfahamu. Hakuhitaji hata kuishika: ni mbegu ya kupandia iliyotiwa dawa ya kuvu na wadudu, kisha ikaoshwa kufifisha rangi. Rangi huwekwa makusudi ili mtu asije akaila, na mfuko wake huja na onyo. Kwa hiyo aliyeiosha alijua anachokificha. Na dawa hiyo usitegemee iondoke kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha. Utakesha jikoni, utasubiri ichache, utaichuja vizuri, na bado utakuwa unampa mtu sumu. Pombe kwetu hainywi mtu mmoja. Kata ya kunywea inazunguka: baba mkwe, jirani, mzee aliyepita tu kusalimia. Nikiwaza ni nani angekuwa wa kwanza kupokea kata ile nyumbani kwangu, mwili unanisisimka.

Nilipompigia, alisema ile rangi ni "vitamini ya kuoteshea". Nikamwambia sampuli naipeleka ofisi ya TBS (Shirika la Viwango). Akaniblock papo hapo. Namba yake nimeituma 15040, kule kwa kuripoti matapeli wa simu, na nyingine yoyote atakayotumia itumeni huko.

Kimea hakihitaji seti ya mtu. Nenda Soko la Majengo au popote unapoweza kumrudia muuzaji, na umwambie wazi unataka mtama au uwele wa chakula, si wa mbegu. Loweka usiku kucha na ubadilishe maji. Utandaze juu ya gunia safi, ufunike, unyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu au ya nne utakuwa umeota vizuri. Anika juani mpaka ukauke kabisa, kisha usugue kwa mikono na kupepeta mizizi na machipukizi yote, maana machipukizi ya mtama yana sianidi. Hatua hiyo wanaoanza huiruka, tafadhali msiiruke. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi, mwaga yote. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara. Ile ilitokana hasa na mahindi, lakini nafaka yenye ukungu haifai kimea, hata ukiionea uchungu hela yako.

Kama tayari umenunua kwake, usiwape kuku wala nguruwe, na kama ulishapika, machicha yake pia usiwape. Usiitupe jalalani ambako mtu anaweza kuiokota akaitwanga. Mimi yangu nimeifunga kwenye mifuko miwili, nimeandika SUMU kwa maka peni, iko juu ya kabati. Na kama kuna aliyekwisha kuinywa na anatapika, anaumwa tumbo au kichwa, mpeleke hospitali leo hii, na ubebe punje chache daktari azione.