Kava na kapeti za Noah ya dizeli: chagua zinazokuruhusu kuinua siti

Malalamiko mnayonitumia kuhusu kava za Noah ya dizeli yanafanana mno. Kava ni nzuri, zimekaa vizuri, watoto wamezifurahia, ila injini iko chini ya siti za mbele, na siku fundi anapotaka kuiangalia inabidi azivue zote. Msomaji mmoja wa Morogoro alimlipa fundi wa siti, kisha akamlipa fundi mwingine achane kile alichoshona wa kwanza. Mama mmoja wa hapa Dar ameniandikia kwamba tangu avalishe siti zake hakuna aliyepima oili, kwa sababu kila akifikiria kazi ya kuzivua na kuzirudisha anaahirisha. Gari likachemsha njiani, na hedi, yaani kichwa cha injini, ikapasuka.

Mwongozo huu ni wa Toyota TownAce Noah na LiteAce Noah za 1996 hadi 2001, zile zenye injini ya dizeli ya 3C-T ya sisi (cc) 2,184. Unamhusu pia mwenye HiAce ya 3L au 5L, Delica ya 4M40, Nissan Serena C23 ya dizeli na Mazda Bongo ya dizeli, maana kwenye magari haya injini iko chini ya siti za mbele. Ukiwa na Noah ya kuanzia mwishoni mwa 2001, injini yako iko mbele, kwa hiyo valisha kava yoyote uipendayo.

Sitazungumzia rangi, wala kama leza, yaani ngozi halisi au ya bandia, inapendeza kuliko kitambaa. Hayo kila mtu ana macho yake. Nitazungumzia jambo ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia hata mara moja: je, siti itainuka?

Noah hii ina boneti ya mbele, lakini injini haimo humo. Kuifikia unafungua lachi, yaani kifungio cha siti, unainua siti, ndipo unakutana nayo. Huko ndiko unakoona hosi inayoanza kuvuja maji, mkanda uliochoka, na oili inayovuja kuelekea kwenye turbo. Nami 3C-T ninaipenda kweli. Haina ulafi wa mafuta, inabeba familia nzima na mizigo ya sikukuu hadi Tanga bila kulalamika. Lakini haisamehi joto. Ikichemka sana hata mara moja, hedi inaweza kupasuka, na mafundi wa eneo la Gerezani hapa Dar watakwambia hivyo kabla hujamaliza kuitaja. Rejeta iko mbele kabisa, injini iko nyuma yake chini ya siti, na maji husafiri kwenye mabomba marefu yanayopita kati yao. Kila kiungo cha mabomba hayo ni mahali pa kuvujia.

Wengi wenu mnaitegemea geji ya joto kwenye dashibodi. Geji hiyo husoma joto la maji. Maji yakishatoka yote, kihisio hubaki kwenye hewa, na mshale unaweza kutulia pale katikati huku hedi ikiungua. Anayeinua siti mara kwa mara ataona alama ya maji yaliyokauka kwenye kiungo cha hosi mapema, akabadilisha klipu moja, akaendelea na safari zake. Kava iliyoshonwa vibaya inakunyima nafasi hiyo.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Gari likiwa limevaa kila kitu, kava, kapeti na mikeka, mtu mmoja aweze kuinua siti ya mbele hadi mwisho bila spana na bila kuvua chochote, kisha airudishe na lachi ifunge. Kinachoshindwa hapo nimekishusha chini kwenye orodha hata kama kinang'aa.

Ya kwanza: siti na kapeti za Toyota zenyewe, mtumba kutoka Japani. Najua wengi mlitarajia kava mpya. Mimi ni mtu wa Toyota na sifichi. Siti nzima iliyotoka kwenye Noah iliyokatwa Japani, ikaoshwa vizuri na kuanikwa hadi ikauke, inashinda kava yoyote niliyoiona. Kitambaa chake cha kiwandani kinapitisha hewa, lachi yake iko mahali pake, na kapeti lake limekatwa kufuata mzunguko wa kifuniko cha injini. La muhimu zaidi, ukipata pia kifuniko kile, angalia chini yake: Toyota waliweka pedi ya kuzuia joto na kelele. Kwenye magari mengi yaliyozeeka hapa kwetu pedi hiyo imeshaanguka au imeloa oili, ndiyo maana miguu inaungua na dizeli inanguruma ndani kama kinu cha kusaga. Agiza siti, kapeti na kifuniko kwa pamoja, na usikubali kupewa kifuniko kisicho na mpira wake wa pembeni. Mpira huo ukiwa umekauka au umebonyea, moshi, joto na kelele vyote hupita hapo. Hakikisha namba ya chasi inaanza na CR, kwa sababu SR ni ya petroli na baadhi ya vipande vya ndani havifanani.

Ya pili: kitambaa cha kushonesha kwa fundi. Hapa ndipo wengi mtaishia, na ni chaguo zuri mkimsimamia fundi. Mpeleke kwenye gari, muinue siti pamoja, aone lachi na bawaba kabla hajachukua kipimo. Kava ya kiti cha mbele ishonwe vipande viwili, cha kukalia na cha kuegemea, na kile cha kukalia kiishie kwenye ukingo wa siti badala ya kushuka hadi sakafuni. Lile pazia la chini wanalolipenda mafundi, lenye mistari ya uzi wa rangi, ndilo linaloziba lachi. Asitumie gundi popote karibu na kifuniko. Joto la injini huilainisha, kitambaa kinateleza, na anayefuata hutia misumari midogo ambayo siku moja itakuchana mkono.

Angalia pia mkanda wa usalama. Kava ikibana kishikio cha mkanda, mtu wa mbele anaacha kuufunga kwa sababu ya usumbufu. Fundi aache tundu pana la kishikio, alizungushie uzi mara mbili lisichanike.

Ya tatu: leza ya kushonesha. Inafutika kirahisi, na mwenye watoto wadogo nyuma namwelewa. Iweke nyuma. Mbele, juu ya injini ya dizeli, kwa jua la Dar au Mombasa, leza bandia inakusanya joto kutoka chini na kutoka kwenye kioo kwa wakati mmoja, halafu inaanza kupasuka kwenye mikunjo ileile ambapo siti hukunjwa ikiinuliwa. Nimeona dereva akikataza siti isiinuliwe ili leza isichanike.

Kava za kuvalisha za dukani, zile zenye lastiki na kulabu za waya, zitakusaidia kuficha madoa wakati unajipanga. Kulabu zake hufungwa chini ya siti, yaani upande wa injini. Zifunge pembeni, mbali na nyaya na mbali na chochote kinachozunguka, au usizifunge kabisa.

Sasa kapeti na mikeka, na hapa nina hasira ya kweli. Mikeka ya leza yenye sponji nene, ile wanayoiita 5D na 7D, imejaa kila duka la urembo wa magari. Inauzwa kwa picha ya gari lisilo lako. Ukiuliza kama inaacha nafasi ya lachi, unajibiwa, “Dada, hii inaingia gari zote.” Hakuna kapeti linaloingia magari yote. Noah hii ina kifuniko kilichoinuka katikati ya sakafu ya mbele, na mkeka uliokatwa kwa gari la sakafu bapa hupanda juu yake, ukasukuma mpira wa pembeni na kusogea kuelekea pedali. Suala la pedali si la mzaha: mwaka 2009 Toyota yenyewe iliyaita magari yapatayo milioni 3.8 nchini Marekani kwa sababu mkeka wa sakafuni ungeweza kuing'ang'ania pedali ya mafuta. Na sponji ikishanywa maji ya mvua inakaa nayo juu ya bati, kutu inaanza bila wewe kujua. Nunua mkeka wa mpira wa kawaida, mzito, ulio wazi pembeni, unaoutoa kwa mkono mmoja.

Kwa kelele, msikimbilie kubandika. Anzeni na mpira wa kifuniko, kisha pedi. Kama bado mnataka kubandika kitu sakafuni, mimi nachagua Dynamat, karatasi ya butili (aina ya mpira) yenye alumini juu, ingawa ni ghali. Zile nyeusi za lami zinazouzwa kwa bei ya chini hulainika na kunuka zikipata joto, na hapo mahali pana joto kila siku. Msibandike chochote kinachounganisha kifuniko na sakafu.

Bei sijaandika kwa sababu kila niliyemuuliza ana bei mbili, ya simu na ya dukani, na ya tatu akishaona umeshuka na gari gani. Noah ya dizeli wanaiona ni gari la biashara ya abiria, hivyo wanakupa leza nyepesi ya daladala kwa bei ya siti za nyumbani. Mwenye duka akikupa bei, mwambie utalipa siti ikishainuka mbele yake. Wengi hukataa kujaribisha wakisema kava itachafuka, kana kwamba ukishalipa haitachafuka. Mimi huhamia duka la pili, na Kariakoo maduka hayaishi.

Siti za nyuma hazina injini chini yake. Huko valisha mnavyotaka, mradi reli zibaki wazi na siti ziendelee kukunjika siku mnapobeba magunia.