Atorvastatini ya miligramu 20: kidonge kinachosingiziwa mengi

Atorvastatini ni dawa ya kushusha kolesteroli, ya kundi la statini, na Lipitor ndilo jina lake la kwanza la biashara. Hataza ya Lipitor ilipoisha Marekani mwaka 2011, viwanda vingi viliruhusiwa kuitengeneza, na bei ikaporomoka. Madukani majina ya boksi yatakuchanganya. Wewe angalia jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo na miligramu zake. Hapa tunaipima ile ya 20.

Kwenye kazi yake, haina ubishi. Huzuia kimeng'enya ambacho ini hutumia kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa, huongeza vipokezi vya kuinasa LDL, ile mbaya, kutoka kwenye damu. Kwa dozi hii LDL hushuka kwa takriban asilimia 43: aliyeanza na 4.6 mmol/L atarajie 2.6 hivi, akimeza kila siku. Kuruka kutoka 20 hadi 40 huongeza kama asilimia 6 tu, ndiyo maana daktari mara nyingine huona heri akuongezee ezetimibe, dawa inayozuia kolesteroli kufyonzwa na utumbo, kuliko kupandisha dozi.

Saa ya kumeza ni uamuzi wako, asubuhi au usiku, pamoja na chakula au bila. Ile habari ya "lazima usiku" ni ya simvastatini, statini nyingine ambayo haikai sana mwilini. Ukisahau, usimeze viwili kufidia.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kupima baada ya wiki moja na kutangaza kwamba dawa ni feki. Rudia kipimo kati ya wiki ya 4 na ya 12, ikiwezekana maabara ile ile, na udai kipimo kamili cha mafuta ya damu. Kifaa cha kuchoma kidole kinachotoa jumla ya kolesteroli peke yake hakikuambii LDL yako ni ngapi. Maabara nyingi huipata kwa hesabu: jumla, toa HDL (kolesteroli nzuri), toa trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) zilizogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi zikizidi 4.5, hesabu hiyo haifai tena.

Sasa maumivu ya misuli, shtaka kubwa kuliko yote. Watafiti wa Imperial College London walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa kwa zamu atorvastatini 20, kidonge kisicho na dawa, au miezi isiyo na kidonge chochote. Matokeo ya mwaka 2020: asilimia 90 ya adha waliyopata wakati wa statini waliipata pia kwa kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila mshtakiwa siye. Karibu nusu yao walirudi kwenye dawa.

Hata hivyo wachache huumizwa nayo kweli. Dalili yake ni maumivu ya pande zote mbili, mapajani, nyongani au mabegani, yanayoanza ndani ya wiki au miezi ya mwanzo. Goti moja linalouma tangu mwaka juzi halihusiki. Omba kipimo cha CK, kimeng'enya kinachovuja misuli ikiumia, na cha tezi ya shingo, kwa sababu tezi iliyolegea hupandisha kolesteroli na kuuma misuli kwa pamoja. Kwa makubaliano na daktari, simamisha wiki 2 hadi 4. Maumivu yakibaki pale pale, dawa haina kesi. Yakiisha, jaribu dozi ndogo au statini nyingine, rosuvastatini. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, acha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Mtajie muuza dawa kila unachomeza. Klarithromaisini (antibayotiki), itrakonazoli (dawa ya fangasi) na ritonaviri (dawa ya VVU) huipandisha atorvastatini kwenye damu. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Mjamzito asiianze bila ushauri wa daktari. Sukari nayo hupanda kidogo, hasa kwa aliyekuwa tayari kwenye mpaka wa kisukari. Aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo bado faida yake ni kubwa zaidi.

Vidonge vya "asili" vya kitunguu saumu, mdalasini na manjano vilishindanishwa na rosuvastatini ya miligramu 5 kwa siku 28 mwaka 2022: rosuvastatini ilishusha LDL asilimia 37.9, navyo havikukizidi kidonge kitupu kwa tofauti ya maana. Jikoni ndiko penye msaada: punguza samli, mawese na tui zito, ongeza maharage na shayiri. Na kahawa ya dele, samahani kwa watu wa pwani, hupandisha LDL kwa sababu haichujwi kwa karatasi. Finjani moja mbili si neno, birika zima kila siku ni neno.

Lawama yetu ni ya ufungaji. Muuzaji akikukatia vidonge vitano vitano, tarehe ya mwisho na namba ya toleo hubaki kwenye kipande cha dukani. Nunua boksi zima la 30.