Oili ya difu na transfa kwenye Prado: uzoefu wangu baada ya masika ya Malinyi

Oili ya injini sijawahi kuichelewesha hata wiki moja. Difu (maboksi ya gia ya kwenye ekseli, yanayozungusha magurudumu) nilikuwa siziangalii kabisa. Gereji niliyoitumia zamani Dar iliniambia oili ya difu ni ya maisha, nikaamini. Matokeo yake pikapu niliyokuwa nayo kabla ya hii ilianza kulia nyuma: ukifika spidi 80 inavuma, ukiachia mafuta mlio unabadilika. Iliposhushwa, meno ya kroni na pinioni, gia mbili kuu za difu, yalikuwa yameliwa. Ilibidi ninunue difu nzima ya mtumba, na fedha ile bado inaniuma.

Kwa hiyo mwaka huu, nilipotoka Malinyi kwenye masika na kupita madimbwi mawili ambayo maji yalifika nusu ya tairi, sikutaka kufika nyumbani kwanza. Nilisimama Morogoro, kwenye gereji moja ya Msamvu niliyoelekezwa na dereva mwenzangu. Gari ni Prado 120 ya dizeli.

Fundi aliniuliza kabla hata ya kutaja bei: "Bosi, umepita kwenye maji?" Hapo nilijua nimefika kwa mtu anayejua kazi. Difu ikiwa ya moto halafu ikazama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye kipumulio (kitundu cha kutolea hewa) au kwenye sili. Ya nyuma ndiyo iko hatarini zaidi, kwa sababu kipumulio chake kiko chini, juu ya ekseli tu.

Alianza na bolti ya kujazia, si ya kumwagia. Tafadhali lishikeni hili. Ukimwaga kwanza halafu bolti ya juu ikagoma kufunguka, gari limelala hapo hapo bila oili. Za kwangu zilikuwa zimekaza kweli, spana ya 24 na bomba refu la kuongezea nguvu ndiyo vilizifungua.

Oili ya difu ya mbele ilitoka nyeusi, nzito, na ile harufu kali ya salfa, lakini haikuwa na tatizo. Ya transfa ilikuwa hivyo hivyo. (Wengi wanaisahau transfa, lakini Prado hii ina difu ya tatu humo ndani, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma muda wote unapotembea, hata kama hujaweka gia nzito ya 4L.) Ya nyuma ilipoanza kutoka, fundi aliniita nichungulie. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameshaingia na kuchanganyika nayo kabisa. Oili ya namna hiyo haishiki kwenye meno, na meno ya difu hayagusani tu, yanasuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Kutu ingemaliza beringi taratibu na mimi nisingesikia chochote mpaka siku ya mlio.

Kwenye sumaku ya bolti kulikuwa na unga laini wa kijivu kama grisi yenye masizi. Alinionyesha kwa kidole: unga ni uchakavu wa kawaida, vipande ndiyo habari mbaya. Vipande havikuwepo, nikapumua.

Difu ya nyuma aliijaza oili ya bei nafuu, tukaizungusha Msamvu kidogo, akaimwaga, ndipo akaweka ya kudumu, ya uzito wa 80W-90 na daraja la GL-5. Alijaza mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu, gari likiwa limesimama sawasawa. Kipumulio kilikuwa kimeziba kwa tope, akakisafisha mpaka kikapumua. Akamalizia kwa kupiga grisi kwenye krosi za propela shafti, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu.

Nilitumia lita 6 kwa zote tatu (nyuma karibu 3, mbele na transfa lita moja na nusu kasoro kila moja), kwa 18,000 lita. Oili ya kusuuzia 30,000, ufundi 40,000. Jumla 178,000. Gari limeondoka na difu zake.

Nilichokosoa ni washa, zile ringi za kuzibia chini ya bolti. Walirudishia zile za zamani, na siku ya tatu niliona tone kwenye bolti ya difu ya mbele. Nilipopita tena wiki iliyofuata walibadilisha zote bila kunidai, lakini washa mpya zingewekwa tangu mwanzo. Mkienda, nunueni wenyewe mapema, ni vitu vya bei ndogo.

Tahadhari kwa wenye giaboksi ya manyo (gia za mkono): msikubali kuwekewa oili ya difu iliyobaki kabla ya kusoma kitabu cha gari. Baadhi ya oili za GL-5 zina kemikali zinazokula shaba ya ringi za ndani, na giaboksi nyingi zinataka GL-4.

Usitegemee gari liwe jepesi au tamu zaidi barabarani. Langu linatembea vile vile. Sasa natembelea ratiba ya kilomita 40,000, na nikivuka maji marefu nafungua bolti ya juu ya difu ya nyuma wiki hiyo hiyo, nachovya kidole na kuangalia rangi. Juzi nimefanya hivyo baada ya safari nyingine ya Malinyi. Ilikuwa safi, rangi ya asali.