Ratiba ya Laravel baada ya mwaka na nusu, na zile meseji za saa sita usiku

Wakuu, nina kamfumo ka kikoba cha akina mama kama 60 hivi, kazi yake kutuma meseji za kukumbusha michango na kukagua malipo yaliyoingia. Mwanzo nilitumia cron tupu (ile saa ya Linux inayoanzisha kazi kwa muda uliopanga), kila kazi na mstari wake kwenye seva, najiona fundi kweli, mpaka ile ya kukagua malipo kila dakika 5 ikaanza kuchukua dakika 7, ya pili inaanza ya kwanza haijamaliza, mtu kalipa mara moja anapata meseji mbili za "tumepokea", na meseji ni hela jamani. Ndo nikahamia ratiba ya Laravel, ile fremuweki ya PHP.

Nilichokipenda, kwenye seva unabakiza mstari mmoja tu wa cron unaoita schedule:run kila dakika, ratiba yote inakaa ndani ya kodi (code) ya programu yako, hauanzi tena kukumbuka zile nyota tano ipi dakika ipi siku ya wiki. Toka toleo la 11 inaandikwa kwenye routes/console.php, na schedule:list inakuonyesha kila kazi itakimbia lini.

Ila hiyo "kila dakika" msiichukulie poa. Hosti ya bei chee niliyoanza nayo iliruhusu cron kila robo saa, basi kazi niliyoipanga 21:05 haikukimbia hata siku moja, kwa sababu inaangalia zilizofika dakika hiyo hiyo tu, iliyopita imepita. Nikahamia VPS, yaani seva ya kukodi unayoitawala mwenyewe.

Sasa kituko. Nilitaka vikumbusho viende saa tatu usiku, watu washakula, nikaandika 21:00 nikalala zangu. Kumbe Laravel inakuja na UTC (saa ya kimataifa), sisi tupo masaa matatu mbele, zikatoka saa sita usiku kamili. Asubuhi mweka hazina huyo hewani, "mwanangu, mume wangu ananiuliza nani ananitumia meseji usiku wa manane, nimjibu nini?" Nimeomba radhi mpaka kwa mzee mwenyewe. Dawa yake ni timezone('Africa/Dar_es_Salaam') kwenye kazi husika, databesi iache na UTC yake.

Kugongana kwa kazi kumeisha kabisa na withoutOverlapping, inaweka kufuli kwenye kesh (cache, hifadhi ya muda) mpaka kazi iishe. Lakini someni maelezo, mi sikusoma: kazi ikikatika njiani kufuli linabaki masaa 24. Niliwasha upya seva wakati ukaguzi unaendelea, iliporudi malipo hayakaguliwi, logi haina kosa lolote, kimyaaa, nimehangaika toka saa nne asubuhi mpaka saa tisa ndo nikaijua schedule:clear-cache, amri ya kufuta hayo makufuli. Siku hizi naandika withoutOverlapping(10), yaani dakika 10 tu.

Na kazi zilizopangwa dakika moja hiyo hiyo zinapanga foleni, ripoti ya PDF ilikuwa inachelewesha meseji mpaka nilipoiwekea runInBackground, ikimbie pembeni bila kuzuia zingine.

Bei ni bure. Kama una kazi moja ya bakapu tu, cron tupu inakutosha, usijisumbue. Kinachonikera mpaka leo, ile cron moja ikifa kila kitu kinalala na Laravel haiwezi kukwambia maana nayo imelala, kwa hiyo nimeweka thenPing iite huduma ya nje kila baada ya ukaguzi, isipoitwa nusu saa inanitumia imeili.