Tathmini ya huduma: "seva ya wingu" kwa SACCOS ndogo

SACCOS yetu hapa Morogoro iliuhamisha mfumo wake wa uhasibu kutoka kwenye kompyuta iliyokuwa chini ya meza ya mhasibu, ikaupeleka kwa kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo tangazo lake linanadi "seva ya wingu", yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, ambazo uwezo wake mteja anaweza kuuongeza na kuupunguza kadiri anavyohitaji. Ninaisimamia huduma hiyo kwa niaba ya bodi, na ninaandika kwa ajili ya viongozi wa vyama vingine wanaofikiria kusaini mkataba wa aina hii.

Yapo yanayostahili sifa. Mfumo unafunguka upesi hata kwa intaneti ya simu, nakala rudufu huchukuliwa kila usiku, na karani alipofuta kimakosa orodha ya mikopo, ilirudishwa ikiwa kamili kabla ya saa sita mchana. Simu hupokelewa na mtu anayeifahamu kazi yake. Umeme ukikatika kwetu, hesabu za wanachama hubaki salama, jambo ambalo zamani lilikuwa likitunyima usingizi.

Kasoro ilijitokeza wakati wa kufunga hesabu za mwaka. Makarani wote waliingia kwa pamoja kukokotoa gawio, mfumo ukawa mzito, nasi tukaomba tuongezewe memori kwa wiki hiyo tu. Tulijibiwa kwamba tuandike barua yenye muhuri, tusubiri ankara, tulipe benki, kisha fundi aizime seva usiku na kuiongezea uwezo, na kwamba uwezo huo ukishaongezwa haupunguzwi mpaka mkataba wa mwaka uishe. Kwa maneno mengine, tumekodi sehemu ya kompyuta moja iliyo katika chumba kimoja. Ni biashara halali na ya siku nyingi, na kampuni hiyohiyo inayo katika orodha yake ya bei, chini ya jina la kawaida la kukodi seva, kwa gharama nafuu kuliko tunayolipa.

Neno wingu halikuanza na maana hiyo. Wahandisi wa mitandao walikuwa wakichora wingu kwenye michoro yao kuonyesha sehemu ya mtandao ambayo undani wake haukumhusu msomaji. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha hifadhi ya data mwezi Machi, na mwezi Agosti ikaleta kompyuta za kukodi kwa saa, ambazo mteja aliweza kuziwasha na kuzizima mwenyewe akiwa popote. Mwezi huohuo Eric Schmidt, aliyekuwa akiiongoza Google, alilitumia neno hilo hadharani, nalo likaenea. Kufikia 2008 kampuni ya kompyuta ya Dell ilikuwa ikitaka kulisajili kama alama yake ya biashara, ikakataliwa na mamlaka za Marekani, na Larry Ellison, aliyekuwa akiiongoza kampuni ya programu ya Oracle, alikuwa akilalamika kwamba sekta nzima imelitanua neno hilo hadi likafunika kila kitu ambacho kampuni zilikuwa tayari zikikifanya. Malalamiko hayo yana uzito hadi leo.

Kipimo ninachokiamini ni kile kilichotolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, Septemba 2011, chenye sifa tano: mteja ajihudumie bila kumsubiri mtu, huduma ifikike kwa mtandao kupitia vifaa vya kawaida, rasilimali zitumiwe kwa pamoja na wateja wengi, uwezo upande na kushuka haraka, na matumizi yapimwe. Huduma yetu inatimiza sifa ya pili bila shaka, na ya tatu kwa kiasi fulani. Kwa zile nyingine tatu haifiki hata karibu, na hizo ndizo ambazo tungezihitaji Desemba.

Sidai kwamba kila SACCOS inahitaji wingu kamili. Chama chenye makarani wachache na hesabu zisizobadilika sana kitatosheka kabisa na seva ya kukodi, ilimradi kilipie bei yake halisi. Kabla ya kusaini, ulizeni kama mnaweza kuongeza uwezo wenyewe usiku wa Jumapili na kuupunguza Jumatatu, na kama ankara itafuata matumizi hayo. Muuzaji akianza kuzungumzia barua na muhuri, mwombeni orodha ya bei za seva za kawaida.

Mkataba wetu ukiisha tutabaki na kampuni hii kwa sababu ya mafundi wake, lakini tutahamia kwenye kifurushi cha kawaida, na tutaweka kwenye mkataba kifungu cha memori ya ziada kwa mwezi wa Desemba.